Kanzu na koti la nikaha kwa shilingi 180,000: jibu kwa bwana harusi wa Kibaha

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kibaha, nina miaka 29. Nikaha yangu ni mwezi wa pili, saa 4 asubuhi, msikitini Bagamoyo kwa wakwe zangu, kisha chakula cha mchana nyumbani kwao. Mahari na maandalizi vimenimaliza, kwa mavazi yangu nimebakiwa na shilingi 180,000 tu. Rafiki zangu wanasema nikodi suti, wengine nikodi joho na jambia. Baba anasema kanzu na koti vinatosha. Kanzu ninayo, ya Idi, lakini nikiivaa naonekana kama mtu anayekwenda swala ya Ijumaa, si bwana harusi. Nifanyeje nitoke vizuri kwa pesa hiyo?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Baba yako yuko sawa. Na wewe umeona sawa pia: kanzu iliyonunuliwa dukani ikiwa imetundikwa, ukaivaa hivyo hivyo, haimtofautishi bwana harusi na jirani aliyekuja kusali. Ila usidhani kinachokosekana hapo ni pesa. Kinakosekana kipimo, na linakosekana koti. Nimekaa kwenye cherehani miaka 26, na mabwana harusi waliopendeza kuliko wote mikononi mwangu hawakuwa wenye fedha. Walikuwa wale waliokubali kurudi kuijaribu nguo mara ya pili na ya tatu.

Suti ya kukodi iondoe kichwani. Imeshonwa kwa mwili wa mtu mwingine, mikono yake imefupishwa na kurefushwa mpaka pindo limechoka, na saa 4 asubuhi mwezi wa pili, Bagamoyo, na tai shingoni, utakaa mbele ya sheikh ukijifuta jasho badala ya kusikiliza unachoulizwa.

Joho nalo lina heshima yake. Tazama picha za Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, utaliona: zito, limenakshiwa ukingoni, chini yake kanzu na kiunoni jambia. Ni vazi la watawala na wanazuoni, na ziko familia za pwani ambazo bwana harusi wao hutoka nalo mpaka leo. Kama wakwe zako ni watu wa hivyo, watakwambia, na yaelekea watakuazima la kwao. Lakini joho la kukodi la nailoni, lenye zari inayong'aa kama karatasi ya peremende, hapana. Jambia la bati nalo liache huko huko kwa mkodishaji.

Sasa hesabu ambayo vijana wengi hawaipigi. Suti ni koti na suruali vya kitambaa kimoja. Kule mitumbani suti kamili, yenye suruali inayokutosha, ni adimu, na muuzaji anajua kwamba ni adimu. Lakini kila robota la makoti linapofunguliwa humo ndani yamo makoti mazuri, ya sufu safi, yaliyopotezana na suruali zake. Hayo hayana mnunuzi wa haraka, kwa sababu mvaa suruali atahangaika wapi kupata ya kulandana nalo? Mimi huyaita makoti wajane. Mvaa kanzu hana haja na ile suruali. Kwa hiyo pale ambapo rafiki yako anayetafuta suti anaachia laki, wewe unapita nyuma yake unachukua koti bora kuliko lake kwa bei ya mboga. Vazi la baba yako ni la bei nafuu kwa maana hiyo, wala si kwa sababu ni duni.

Nenda Karume, pale Ilala, siku wanayofungua mzigo, na ufike mapema kabla wafanyabiashara wa rejareja hawajachambua. Beba kanzu yako ya Idi kwenye mfuko. Usione haya, ivae pale pale juu ya nguo zako ujaribishie koti, maana koti linalokaa vizuri juu ya fulana laweza kubana juu ya kanzu.

Anza na bega. Vaa koti, kisha simama ubavu wako ukiwa karibu na ukuta au nguzo ya kibanda, ujisogeze taratibu. Mkono wako ukigusa kwanza, au mkono na bega vikagusa pamoja, koti ni lako. Pedi ya bega ikigusa ukuta na mkono bado uko mbali, hilo ni la mtu mwingine, lirudishe hata likiwa zuri kiasi gani. Kisha mwombe mtu atazame nyuma ya shingo. Kola inatakiwa ilale, ishike shingo. Ikiacha uwazi wa kupitisha kidole, liache. Kiuno tunabana, mkono tunafupisha, urefu tunachezea kidogo. Bega hatuligusi. Kulifungua bega ni kulishona koti upya, na fundi atakayekwambia ni kazi ya elfu tano ama hajui au anajua ila hakupendi.

Likipita bega, tazama kifua. Shika kitambaa chini ya kifungo kwa vidole viwili, ukikande. Koti lililoshonwa kwa mkono wa fundi utasikia tabaka la katikati linacheza peke yake, kama karatasi ndani ya bahasha. Lililobandikwa kwa gundi utasikia kitu kimoja kigumu. La gundi si kosa, mengi ya siku hizi ni hayo, ila litoe nje ulitazame kwa ubavu kwenye mwanga. Ukiona malengelenge kifuani au kwenye kola, gundi imeachia, na hakuna pasi itakayoirudisha. Halafu linyooshe juu kulielekeza kwenye jua uangalie matundu ya nondo. Geuza ndani utazame bitana ya kwapani, ndipo jasho la mwenyewe wa kwanza lilipokaa. Viwiko vikiwa vinang'aa kama goti la suruali ya shule, liache; hayo wewe mwalimu unayajua mwenyewe.

Rangi, nakushauri bluu ya kiza au kijivu cha makaa. Najua moyoni unataka nyeusi. Nyeusi ya mtumba ikishatumika inapauka, inaelekea ukahawia au ukijani, na ndani ya kibanda cha turubai huwezi kuliona hilo. Utaliona siku ya harusi, juani, ukiwa na kanzu mpya nyeupe inayolishtaki koti lako. Bluu ikipauka kidogo bado ni bluu. Chukua la vifungo viwili au vitatu, safu moja. Yale ya safu mbili hufunika mbele yote ya kanzu, ukawa kama nahodha wa meli. Na liwe refu la kufunika makalio kabisa. Vijana wanapenda makoti mafupi kwa suruali za kubana. Juu ya kanzu koti fupi humkata mtu vipande viwili, juu mzungu, chini mzee.

Ukishalipata, mpelekee fundi mwambie atoe bitana ya mgongoni, abakize ya mabegani na ya mikononi ili liteleze unapovaa. Kazi hiyo ni ndogo na utaishukuru ikifika saa 6 mchana. Harufu ya mtumba haitoki kwa sabuni, na koti la sufu usilitie kwenye beseni hata ukiambiwa na nani. Ligeuze ndani nje, lianike kwenye upepo siku mbili, kipande cha bitana chenye harufu ukifute kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, kisha lipeleke kwa dobi anayesafisha bila maji. Pasi yake ipigwe juu ya kitambaa kibichi, siyo chuma juu ya sufu, la sivyo litang'aa kama lile ulilolikataa.

Tuje kwenye kanzu. Chukua ile ya Idi uangalie shingoni, kuna namba: 54, 56, 58, 60. Hizo ni inchi za urefu, kutoka begani hadi pindo la chini. Namba 56 ni karibu sentimita 142. Kiwanda kinakisia kwamba mtu mrefu ni mnene na mtu mfupi ni mwembamba, kwa hiyo kijana mrefu mwembamba akichukua ya kumfika miguuni anapata pia kifua cha mtu wa kilo tisini. Ndiyo maana inapwaya. Kosa si lako wala si la kanzu. Ya kiwandani ukiweza kuirekebisha ubavuni na mikononi itakufaa, na kama pesa ingekuwa elfu themanini ningekwambia ufanye hivyo. Kwa laki moja na themanini, shona.

Kitambaa nunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo au maduka ya jirani. Kwa upana wa inchi 58 hadi 60, mita tatu na nusu zinamtosha mtu wa kimo cha kawaida na kinabaki cha kiraka. Muuzaji atakuonyesha robo tatu ya duka na kila kimoja atasema ni cha Japani. Kuna ukweli nyuma ya maneno hayo: vitambaa vyeupe vizuri vya kanzu za Ghuba kwa miaka mingi vimetoka Japani, kwa kampuni kama Toyobo na Shikibo, na ndiyo sababu majina hayo yameigwa ukingoni mwa vitambaa visivyowahi kuiona Japani. Wewe usisome ukingo. Ingiza kiganja chini ya kitambaa kimoja kisichokunjwa. Ukihesabu vidole vyako bila taabu, ni chepesi mno. Kikunje ngumini uhesabu hadi ishirini, ukiachie. Kikibaki na mikunjo kama uso wa kobe, kitakuaibisha baada ya kukaa mkekani nusu saa. Mwombe uzi mmoja uuchome nje kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu laini. Tetroni, yaani polista, huyeyuka ikawa shanga ngumu nyeusi. Unachotaka kwa mwezi wa pili ni mchanganyiko wa vyote viwili: pamba peke yake inapumua ila inakunjika, tetroni peke yake haikunjiki ila inakupika. Melimeli iache, ni nzuri, lakini inaonyesha kila kitu kilicho chini yake.

Hariri halisi usiulize. Wanaume tumekatazwa hariri na dhahabu, na kuvaa hariri mbele ya sheikh siku ya nikaha ni kujitafutia mawaidha.

Kabla kitambaa hakijakatwa, kirowekwe usiku mzima, kianikwe, kipigwe pasi. Kitambaa chenye pamba kinarudi. Kanzu ya sentimita 145 ikirudi asilimia 3 tu, imepanda sentimita 4 na zaidi, na sentimita 4 juu ya kifundo cha mguu ni tofauti ya bwana harusi na mvuvi. Haya nayasema kwa uchungu. Kanzu ya nikaha yangu mwenyewe niliishona bila kurowesha, mimi fundi, kwa sababu nilikuwa na kazi za wateja. Jioni ya kuamkia harusi nikasema niifue iwe safi. Asubuhi nikaikuta imepanda vidole vitatu. Mama alifumua pindo lote kwa wembe tukaliteremsha, na alama ya mkunjo wa zamani ikakaa pale chini siku nzima kama mstari wa daftari. Kwenye picha ipo mpaka leo.

Ukienda kwa fundi zungumza naye kwa majina ya vipande, atajua hujaja kubahatisha. Badani ni kipande kikuu cha mbele na cha nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana wa kutembea. Kikwapa ni kile kidogo cha kwapani. Kaba ni kitambaa cha ndani kinachozunguka shingo na mabega. Sijafu ni pindo. Kwako wewe mambo ni matatu. Mkono uwe mwembamba kuliko kawaida, karibu na mkono wa shati, kwa sababu mkono mpana wa Kiomani ni mzuri ukiwa peke yake, ila ndani ya koti unajikunja kama soksi na kiwiko kinavimba. Ushuke upite mkono wa koti kwa sentimita moja au moja na nusu. Taharizi asizibanie. Mafundi vijana wanaziminya ili kanzu ionekane ya kisasa, halafu bwana harusi anashindwa kukunja miguu. Siku ya kujaribu usisimame mbele ya kioo tu. Kaa chini sakafuni, mbele ya fundi, ukunje miguu kama utakavyokaa msikitini, uinuke bila kushika kitu. Kama kanzu imevutana magotini, airudishe kwenye cherehani. Na urefu upimwe ukiwa umevaa koti na viatu vya siku yenyewe, uishie juu kidogo ya kifundo. Koti huinua kanzu begani. Ukipimwa bila koti utapungukiwa.

Nakshi ya shingoni na kifuani iwe ya uzi mweupe juu ya nyeupe, au rangi ya maziwa ukipenda. Uzi wa dhahabu wa mashine hapana. Kuna darizi moja nyekundu unayoweza kuiona kwenye kanzu za Waganda, shingoni na kushuka kifuani, wao huiita omulela. Wazee wetu wa cherehani walikuwa na neno mrera kwa mshono wa namna hiyo, wala si ajabu. Wafanyabiashara wa kutoka pwani walifika kwa Kabaka Suna, mfalme wa Buganda, miaka ya 1840, na kanzu ikaenda nao, na leo Muganda hawezi kwenda kujitambulisha ukweni bila kanzu na koti juu yake. Wao waliuhifadhi uzi mwekundu, sisi tukauacha. Ukiutaka haukatazwi, ila kwa Bagamoyo nyeupe ndiyo itakayoelewana na koti la bluu.

Chini ya kanzu vaa saruni nyeupe au kikoi cheupe kinachofika chini ya magoti, siyo kaptura. Ukipita mlangoni jua likiwa nyuma yako, kaptura huonekana hadi na wageni wa safu ya mwisho. Fulana iwe ya mikono na shingo ya duara. Singlendi huchora mistari mgongoni.

Kofia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wataongea na uso wako siku nzima, na kofia iko juu ya uso. Kofia ya mashine ya bei ndogo unaijua kwa kuigusa: ngumu ya plastiki ndani, nakshi imelala juu ya kitambaa kama rangi. Kofia ya mkono, zile wanazoshona kinamama wa Unguja na Pemba na watu wa Lamu na Siyu, ina vitundu vidogo vidogo vilivyofunguliwa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi, mamia kwa mamia, mpaka duara la juu na ukanda wa pembeni vinakuwa vigumu kwa uzi wenyewe. Shika moja uielekeze kwenye mwanga, utaona nyota. Ni kazi ya wiki nyingi, na wakati mwingine ya miezi, na bei yake ni halali kabisa, ila haimo kwenye laki yako na themanini.

Kwa hiyo azima. Sikwambii uazime koti, maana koti la kuazima linajulikana begani. Kofia nzuri ya mkono huishi kuliko mwenyewe, na katika ukoo wako yupo mjomba au babu mwenye moja kabatini ndani ya mfuko wa plastiki, anaitoa Idi mbili kwa mwaka. Nenda kwake wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie unaomba uvae kofia yake siku ya nikaha yako. Atakavyofurahi utajionea. Kichwa chako kikiwa kidogo kuliko chake, shona kwa mkono utepe wa pamba kwa ndani, mishono mirefu ya kufumuliwa, urudishe kofia kama ulivyoikuta. Ikiwa imechafuka, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, usiikamue, itie kanji nyepesi ya wanga wa muhogo, uikaushe kivulini ukiwa umeivalisha juu ya bakuli lenye mzunguko wa kichwa. Ukikosa wa kukuazima, nunua ya mashine iliyo nyeupe tupu, isiyo na rangi wala maandishi. Rahisi ikiwa tulivu haisemi bei yake.

Viatu nitavipita haraka. Utavivua mlangoni mwa msikiti na utavivua tena ukumbini kwa wakwe. Vyeusi ulivyonavyo vya kazini, vikipakwa rangi, vinatosha. Makubadhi yakiwepo nyumbani ni bora zaidi. Pesa ya viatu itumie kusugua visigino, hivyo ndivyo watakavyoviona.

Nikupigie hesabu kwa bei ninazokutana nazo mimi. Kwako zinaweza kupanda au kushuka kidogo. Kitambaa mita tatu na nusu kwa 9,000 ni 31,500. Kushona pamoja na darizi 30,000. Koti, tenga 30,000. Kulirekebisha mkono, kiuno na bitana 15,000, dobi 8,000. Hapo tumefika 114,500, na vitu viwili vikubwa vimekwisha. Saruni 12,000, fulana 6,000, udi na mafuta ya manukato 8,000, rangi ya viatu 2,000. Weka 12,000 ya kofia hata kama utaazima, usimwendee mjomba mikono mitupu, mnunulie kilo mbili tatu za sukari na majani ya chai. Jumla 154,500. Inabaki 25,500, na hiyo usiiguse mpaka wiki ya harusi, maana kitu fulani kitaharibika, sijui ni kipi, ila kitaharibika.

Anza sasa. Koti litafutwe kwanza, kisha kitambaa, kwa sababu fundi anatakiwa apime kanzu juu ya koti. Mafundi wa kanzu huzidiwa sana kabla ya Ramadhani na kabla ya Idi, na siku hizo mteja wa haraka hupata kazi ya haraka. Mpe wiki tatu. Mwambie tarehe ya harusi ni wiki moja kabla ya ile ya kweli. Tunaowafahamu wenzetu tunajua kwa nini nasema hivyo.

Siku moja kabla, kanzu ifuliwe, isuuzwe kwa maji yenye buluu tone mbili tu, zaidi ya hapo inakuwa ya rangi ya samawati. Itiwe kanji nyepesi ukingoni na shingoni, ipigwe pasi ikiwa mbichi bado. Usiku waambie nyumbani waifukize udi, kanzu na koti vyote, juu ya tenga, chetezo kikiwa chini na moto umepoa kiasi. Mafuta ya manukato yapake viganjani, nyuma ya masikio na ndevuni, kamwe si kwenye kanzu, yanaacha doa la njano ambalo hutalitoa tena. Safarini vaa nguo nyingine. Kanzu na koti vitundikwe ndani ya gari, kofia ibebwe mapajani na mdogo wako asiyekuwa na kazi nyingine ila hiyo, ukabadilishie kwa jamaa pale Bagamoyo. Njiani kola ya koti ifunikwe kwa kitambaa safi, na ukishavaa, kitambaa hicho kikae shingoni hadi mlangoni, ndipo ukitoe. Koti likae wazi unapotembea, mstari wa darizi uonekane. Likiwa limefungwa, funga kifungo kimoja cha juu kwa picha, na ukikaa chini ukifungue.

Jambo la mwisho, na hili mwambie fundi mapema wakati anafanyia kazi koti. Makoti mengi kwenye ukosi wa kushoto yana mshono uliochorwa kama tundu la kifungo lakini haujatobolewa. Autoboe na kuuzungushia uzi. Asubuhi ya nikaha mwambie dada yako achume vikonyo vitatu vya asumini vikiwa bado vimefumba, avifunge kwa uzi mweupe, avipenyeze pale. Jioni ikiingia vitakuwa vimefunguka.